Sentensi ya Kijani

Leo Jumapili, siku ya arobaini tangu nimpoteze Zaina, mke wangu. Nimeumbuka mbele ya wakwe zangu wote, na aliyeniumbua ni simu.

Naandika hapa kwenye kundi letu la simu kwa sababu baadhi yenu mlikuwa nyuma ya hema na hamkusikia vizuri. Kesho mtaa wetu mzima wa Bwiza utakuwa na habari yake. Hii ndiyo yangu.

Wakwe zangu wanakaa Mutanga Nord, na hitma ya arobaini ilifanyika uani kwao. Baada ya dua lilibaki jambo moja: mtu wa karibu asome maneno machache juu ya marehemu. Nilikuwa nimesema nitaandika mimi. Wakatazamana. (Mimi ni fundi cherehani. Niliishia darasa la sita, katika kambi ya wakimbizi Kigoma. Zaina alimaliza sekondari. Wakwe wamekuwa wakipiga hesabu hiyo tangu siku ya ndoa.) Wakasema sawa, lakini shemeji yangu Idrisa, kaka yake Zaina, naye ataandika ya Kifaransa, iwe akiba.

Idrisa ni mwalimu. Kuna hitma moja ya ami yao ambapo binamu alisimama akasoma, kwa sauti ya majonzi kabisa: "Marehemu, weka jina hapa, alikuwa nguzo ya jamii." Mashine ilimwandikia, naye hakuisoma kabla ya kuja. Tangu siku ile Idrisa anapima kila maandishi ya familia. Ana kitu ndani ya simu. Anapiga picha karatasi, kinamwambia nani ameandika. Nyekundu, mashine. Kijani, mtu.

Nilifika na karatasi yangu imekunjwa mara nne. Siku tisa za kazi. Idrisa akainyoosha kwenye goti, akapiga picha. Tukangoja.

Nyekundu.

"Muramu," akaniambia polepole. (Ndivyo tunavyoitana mashemeji huku.) "Hii maneno umeandika we mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe."

"Bon. Lakini mashine inasema apana."

Nikaangalia. "Zaina alizaliwa Bwiza." Nyekundu. "Tulipooana tulikuwa na cherehani moja na sufuria mbili." Nyekundu. (Sufuria zile bado ninazo. Mashine haijawahi kuziosha.) "Macho yangu yalipoharibika, yeye ndiye aliyenitungia uzi kila asubuhi, sindano kumi, akazichomeka kwenye kimto kabla ya kwenda sokoni." Nyekundu kama pilipili.

Mama mdogo Asha, mdogo wake mama mkwe, akasogeza kiti. Huyu mama hajawahi kukosa msiba, wala maneno.

"Lete nione. Ee! Angalia hapa: 'Hapana, hakuwahi kunidharau.' Hapana na h! We fundi, hapa Bujumbura nani anasema hapana? Siye wote tunasema apana. Hii h umeitoa wapi?"

"Kambini, mama. Mwalimu alitupiga rula kila tulipoiacha."

"Rula inaweza kufundisha mutu namna hii?"

Watu wakaanza kucheka chini chini. Ndugu zangu, fundi wa Bwiza akiandika herufi zote, anaonekana ameziazima. Nilitaka kuapa. Kisha nikaona haya kumtaja Mungu kwa sababu ya simu.

"Na yako we Idrisa?" Mama Asha akauliza. "Pima na yako."

"Yangu ya nini, mama mdogo? Mi najua nimeandika."

"Na fundi naye anajua. Pima."

Akapima. Nyekundu, kutoka juu mpaka chini. Hata jina lake.

"Ni rezo," akasema Idrisa, yaani mtandao. "Leo rezo iko mubaya."

"Ilikuwa muzuri wakati wa fundi!"

Uani wakacheka. Idrisa hakucheka. Aliitazama ile simu kama mtu aliyeumwa na mbwa wake mwenyewe. "Kuna mwanafunzi nilimupa sifuri na hii," akasema, bila kumtazama yeyote. "Alilia sana yule mutoto." Akaifuta simu kwa mkono wa shati, kama kwamba kosa ni vumbi. Nikamhurumia. Alikuwa amevaa tai, tena.

Hapo ndipo mama mkwe alipozungumza. Tangu asubuhi alikuwa kwenye mkeka.

"Hakuna hata neno moja ambalo ni la mutu?"

Idrisa akairudia karatasi yangu haraka. Nadhani alitaka kupata kitu cha kutuokoa sote wawili. "Iko, mama! Iko moja, hapa katikati. Hii iko kijani kabisa." Akasoma kwa sauti:

"Aliondoka taratibu, kama mama anayefunga mlango asimwamshe mtoto."

Mama mkwe akajifunika uso kwa upindo wa kanga. Alilia bila sauti, mabega tu. Kisha akasema, "Huyo ndiye mwanangu. Musome hiyo. Hiyo tu, ingine muache."

Mama Asha akanishika bega. "Pole, fundi. Tulikukosea. Hapo umeandika na roho yako."

Mtu mwenye akili angenyamaza hapo. Nilikuwa nimesafishwa! Wakwe walionidharau miaka yote wananishika bega, mama mkwe analia kwa maneno yangu. Ningeinamisha kichwa tu, wakaniletea pilau.

"Mama," nikasema, "hiyo ndiyo siyo yangu."

"Ni ya nani?"

"Ya mashine."

Nikawaeleza, maana nilikuwa nimeshaanza. Katika siku zile tisa, sita zilipotelea mahali hapo. Niliandika kila kitu, nikifika kwenye kifo kalamu inakataa. Mteja wangu mmoja, muuguzi, aliniwekea kile kitu kinachoandika kwenye simu nilipokuwa nampimia sare. Nikakiomba sentensi moja ya mke aliyefia hospitali. Kikanipa tano. Nilichukua fupi kuliko zote, ili wizi uwe mdogo.

Mlipuko wa kicheko! Alianza Mama Asha, akafuata mpishi wa pilau, hata shehe aliyesoma dua alificha mdomo kwa mkono wa kanzu. Yaani katika karatasi nzima mashine ilikana kila nilichoandika mimi, ikamtambua ndugu yake na kumwita mtu. Na mimi ndiye niliyetoa ushahidi. (Wewe unayesoma, kama ni kucheka, cheka hapa. Mbele hakuna nafasi.)

Mama mkwe hakucheka. Alingoja wamalize.

"Baba," akaniambia. Hajawahi kuniita hivyo. "Ilikuwa vile kweli? Alienda taratibu?"

Mimi sijui kusema uongo. Ndiyo maana nilitafuta wa kunisemea.

"Apana, mama."

"Ilikuwa namna gani?"

"Alikuita. Alikuita wewe, mara nyingi. Nikamwambia unakuja, uko njiani. Na nilikuwa bado sijakupigia simu. Nilidhani tuna kesho."

Sufuria ilikuwa inachemka huko nyuma na mtu akaenda kuifunika, kama vile kelele ilikuwa yake. Nilijua atanifukuza. Angekuwa na haki, na mimi ningeondoka bila neno. Nilishaanza hata kutafuta viatu vyangu kwa macho.

Mama mkwe akanyoosha mkono, akachomoa kalamu kwenye mfuko wa shati la Idrisa, akanipa.

"Futa ile," akasema. "Andika hii."

Nikapiga mstari juu ya sentensi ya kijani. Nikaandika pembeni, karatasi ikiwa juu ya goti. Maneno machache tu: kwamba alimwita mama yake, na kwamba mimi sikumpigia. Nilipomaliza, Idrisa, kwa mazoea tu, akainua simu apige picha.

Mama yake akamtazama.

Idrisa akairudisha mfukoni. Nikasimama, nikasoma karatasi yote.