Ombi la Kuharakisha Msafara wa Bibi Harusi

Butembo, Jumatatu

Kwa Bwana Président wa Komite ya Harusi ya Providence Kavugho

Yahusu: kupinga uamuzi wa kuliondoa gari langu mbele ya msafara

Bwana Président, na pia Baba mdogo Salomon,

Nakusalimu kwa heshima zote mbili, ya cheo na ya damu, ingawa jana baada ya ibada hukuniachia nafasi ya kutumia hata moja. Ulitangaza mbele ya komite nzima kwamba Jumamosi dada yangu Providence atapelekwa kanisani kwa jeep nyeupe ya kukodi, nami nifuate nyuma "kwa usalama". Nilipouliza sababu ulijibu, na katibu akaandika: "Tuko natafuta gari ya kupeleka mariée, hapana jiko ya kupika maharagwe." Watu walicheka mpaka mchungaji akainama kama anayetafuta kalamu. Mimi sikucheka. Tangu baba yetu afariki, mimi ndiye kaka mkubwa wa nyumba ile, na kumpeleka Providence siku ya harusi yake ni kazi niliyoingoja muda mrefu. Naandika kwa sababu kwa mdomo hamnisikii.

Kwanza nilieleze gari lenyewe, kwa faida ya wajumbe wanaolijua kwa moshi tu. Ni gari la Kimarekani la milango miwili, silinda nane, ambalo mimi na fundi Ésaïe wa Bungulu, kule Beni, tumelitengeneza miaka na miaka kwa ajili ya uwanja wa mbio. Ni kweli kwamba uwanja wa mbio haupo, si Butembo, si Beni, wala njiani Kalunguta. Hilo si kosa la gari. Tumetoboa capot, kile kifuniko cha injini, ili joto lipate pa kutokea. Radiateur ya maji ya kuipoza injini tumeweka kubwa kuliko ya zamani, na mafuta ya injini nayo yamepewa radiateur yake ndogo. Hata breki zina mabomba ya kuziletea hewa. Kila kitu ndani ya gari lile kinangoja upepo, na upepo huja gari likikimbia. Ésaïe alishaniambia wazi: "Grand, hii moteur haiko mubaya, inakosa tu upepo. Ukitembea pole, itakupikia."

Sasa niulize kwa adabu: msafara wa harusi hapa kwetu huenda mwendo gani? Mwendo wa bata aliyeshiba. Hapo ndipo yanapoanzia malalamiko yangu, nami nayapanga hivi:

1. Harusi ya Élysée. Binti huyu wa shangazi mnanitajia kila mkutano. Ni kweli gari lilichemka kwenye kilima cha kutoka sokoni, akashuka na gauni lake akasimama kando ya barabara, akina mama wakaipepea injini kwa vitenge, na maji ya kutu yakamrukia, ambayo namshukuru Mungu yalikuwa yameshapoa. Ni kweli pia alipiga kelele mbele ya wakwe: "Éliakim, mais gari yako inakojoa juu ya robe yangu!" Lakini nani aliuliza chanzo? Mbele yetu fanfare ya kanisa ilikuwa ikitembea kwa miguu, tena ikipiga wimbo wa polepole. Injini yangu haikushindwa na kilima, ilishindwa na tarumbeta. Isitoshe, mji huu umejengwa juu mno, na huku juu maji huchemka mapema kuliko Beni. Mama yangu Agar, ambaye huweka maharagwe ya Musienene jikoni asubuhi na kuyaepua wengine wameshasahau njaa, ni shahidi kwamba maji ya hapa yanachemka bila kuwa na moto wa kutosha ndani. Komite ikitaka kumlaumu mtu, imtafute aliyeuleta mji mlimani.

2. Mpiga video. Yeye hutembea kinyumenyume mbele ya gari, ameielekea radiateur. Ni mtu mnene, wala simlaumu, lakini upepo wote wa Butembo huishia mgongoni mwake. Apande pikipiki.

3. Maua. Matundu ya capot si mapambo. Kuyafunika kwa maua na riboni ni kumtwisha blanketi mtu mwenye homa. Maua yafungwe nyuma. Kwa mwendo ninaoupendekeza hayatafika kanisani, lakini watoto wa mtaa watayaokota na kufurahi.

4. Mwendo wenyewe. Naomba kilomita themanini kwa saa, sitini kwenye kona, kwa heshima ya wazee. Fanfare na kwaya watangulie asubuhi. Na tusidanganyane kwamba Butembo haina uwanja wa mbio. Tunatoka nyumbani, tunakwenda kanisani, tunaizunguka rond-point, ule mzunguko wa barabara, tunapita ukumbini, tunarudi pale pale tulipoanzia. Hicho ni nini? Watu wa mji huu wamekuwa na uwanja wa mbio miaka yote, wakautumia kwa kupunga vitambaa.

5. Kuwasili. Injini iliyopata moto haizimwi ghafla, inadai mzunguko mmoja wa taratibu ili ipoe. Kwa hiyo tukifika kanisani mara ya kwanza hatutasimama. Providence atampungia mchungaji mkono dirishani, tutapita, na tutarudi. Wageni wasiingiwe na hofu wala wasianze kutukimbilia.

6. Joto la ndani. Injini ikizidiwa, dawa yake ni kufungulia hewa ya moto iingie kwa abiria, ili joto lihame. Itampata dada yangu usoni. Naomba wanaompamba wasimpake poda mpaka ashuke, na mshonaji afikirie upya ile mikono mirefu. Jasho litakauka, lakini injini ikiungua hakuna maombi yatakayoiponya.

7. Bwana harusi. Viti vya nyuma tuliving'oa ili gari liwe jepesi, kikabaki kiti kimoja kando ya dereva. Wajumbe wanaita huo upungufu. Mimi nasema ndio utaratibu. Lévi atakaa naye kule Beni maisha yake yote, na mimi naomba safari moja tu, kutoka nyumbani hadi kanisani. Baba angekuwepo, angempeleka kwa lori lake la viazi, na hakuna komite ambayo ingethubutu kumwambia afuate nyuma. Hili linaniuma, Baba mdogo. Nimeliweka namba saba ili lisionekane kuwa ndilo la kwanza.

Komite ikikataa, naomba iniandikie rasmi ni nani atakuwa kaka wa Providence siku ya Jumamosi, ili nimkabidhi ufunguo wa lango la nyumba. Asipopatikana, mimi nitalifunga asubuhi na mapema, na jeep nyeupe itapakia hewa.

Nangoja jibu kabla ya Alhamisi, nami nabaki mtoto wako mtiifu mwenye kisirani. Mnisalimie Mama mdogo Kyakimwa na wote wa nyumbani, wajumbe mmoja mmoja, katibu pamoja na mwandiko wake mzuri, na mpiga video, ambaye sina ugomvi naye akiwa kando ya barabara.

Éliakim Kitsa
Kaka wa bibi harusi

P.S. Baba mdogo, nilimpa Providence barua hii anisahihishie makosa kabla ya kuituma. Alicheka mpaka akakaa chini. Alipofika namba saba akaikunja, akasema: "Yaya, kaka yangu, nani alikuambia niko na haraka? Kule kwa Lévi nitafika tu. Mimi nilikuwa naomba Mungu tutembee pole, nikuwe na wewe kidogo mu njia."

Kwa hiyo naondoa hoja zote. Jeep nyeupe ije, lango litakuwa wazi. Ninachoomba ni kiti kando yake, na dereva aonywe asiipite fanfare hata kidogo. Fanfare nayo itafutiwe wimbo mrefu kuliko ule wa Élysée. Rond-point tuizunguke mara nyingi kadiri komite itakavyovumilia. Na mkiona tunachelewa kufika kanisani, tafadhali msitume mtu.