Kiganja Ndani ya Ndoo

Jumatatu, 3 Machi 2025
Mama Nthoki, mwenye ploti, amepiga simu. Wapangaji wanalalamika kwamba maji ya tangi yana utelezi. Akauliza nilisugua tangi lini. Nikasema Januari. Sikusema Januari ya mwaka gani. Atakuja Jumamosi apande juu mwenyewe. Akikuta uchafu, kazi ya kutunza ploti na chumba changu cha bure vinaenda kwa Obura, fundi wa kuchomelea wa chumba namba mbili. Eti Obura amejitolea kusugua bila malipo. Mnafiki. Hapa Kayole nitapata wapi tena chumba cha bure? Naogopa, na sioni aibu kuandika hivyo.

Jumanne, 4 Machi
Nimepanda na mpira wa maji, nikasuuza tangi. Kusugua ni kazi ya wasio na akili. Ukutani kuna utando wa rangi ya waridi, mzito kama ngozi ya uji. Nikaugusa. Ukanywea kidogo, naapa.

Nekesa wa ghorofa ya tatu, anayefanya kazi maabara, akaniambia, Mzee Matheka, kusuuza hakutoshi. Eti bakteria hutengeneza protini ndani mwake lakini haikunji humo, maana ikijikunja inakuwa nyuzi, nazo zingemnasa mwenyewe. Huisukuma nje ikiwa bado imelegea, ipite kwenye kitundu cha ngozi yake ya nje. Huko nje inaikuta protini nyingine iliyopachikwa kwenye ngozi hiyo, kama mbegu. Hapo ndipo inajikunja na kuwa uzi mgumu, nyuzi zinashikana, na bakteria wote wanang'ang'ania plastiki pamoja. Ukibakiza kidogo, wanaanza upya. Nikamwuliza kama wananiona. Akasema hawana macho. Hilo halikunituliza hata kidogo.

Alasiri, wazo! Obura yuko Siaya kwenye matanga hadi Ijumaa. Kwa sababu ya mgao, kila mtu hapa huweka ndoo ya maji mlangoni. Yake ni nyeupe, imejaa, ina mfuniko. Nikachota utando tangini, nikazamisha mkono, nikaubandika ukutani mwa ndoo. Mama Nthoki akija nitamwonyesha kwamba uchafu umo kwenye vyombo vya watu, si kwenye tangi. Akili ni mali.

Alhamisi, 6 Machi
Nimefunua ndoo nione mavuno. Utando haukuenea. Umeota pale tu nilipobandika mkono. Kiganja kizima. Vidole vitano, na cha shahada ni kifupi, kama changu kilicholiwa na patasi nilipokuwa nachonga vinyago.

Nimesugua kwa jivu hadi plastiki ikalia. Kimetoka chote.

Ijumaa, 7 Machi
Kimerudi. Sasa kimeinuka, kana kwamba kuna mtu upande wa pili wa plastiki anasukuma ili atoke. Mistari ya kiganja inaonekana. Nilitaka kuitupa ndoo, lakini Nekesa alikuwa akifua uani kutwa nzima, akinisalimia kila nikipita. Nikasugua tena, haraka haraka. Kikombe changu cha chai nacho kimeanza kuteleza. Nimekifuta kwa shati.

Obura amerudi jioni. Ameniletea samaki mkavu. Hata wema wake una hila.

Jumamosi, 8 Machi
Mama Nthoki alipanda tangini, akashuka akijipangusa utelezi vidoleni. Nikawahi kusema, mama, tatizo ni vyombo vya wapangaji. Nikampeleka kwa ndoo ya Obura. Nilijua nimesugua, kwa hiyo nilitegemea mabaki tu, kitu kidogo cha kumchafua mtu. Obura mwenyewe akamwaga maji, akainamisha ndoo kwenye mwanga.

Kiganja kilikuwa pale, kizito kuliko jana, kidole kifupi na vyote. Mama Nthoki akaniomba mkono. Nilidhani tunasalimiana. Akauingiza ndooni, akaulaza juu ya kile kiganja. Ukaenea sawasawa. Kilikuwa na joto. Nilipovuta mkono, kiliuachia polepole, kidole kimoja kimoja.

Kazi imeisha. Chumba nitoke kesho. Obura amepewa ufunguo wa tangi, akanipa pole, na nilimchukia kwa pole hiyo kuliko kwa ufunguo.

Jumatatu, 10 Machi
Niko Donholm, kwa binamu yangu. Ploti ya jirani ina mtunzaji, mzee Wanyonyi, mwenye chumba kizuri chenye dirisha la barabarani. Tangi lake ni safi mno. Hiyo si haki.

Nimetafakari kosa langu kwa unyoofu. Kosa lilikuwa kutumia mkono mtupu. Leo nimenunua glavu. Utando nilishachota kidogo kabla sijaondoka, uko kwenye kopo la siagi. Kopo limeanza kuteleza kwa nje. Nimelipangusa kwa leso. Jua la Donholm ni kali, jasho limenijaa usoni. Nimejipangusa kwa leso hiyohiyo.