Mpaka Gus Aruke Tena

Jumamosi, 6 Septemba

Na ijulikane kwa wote, walio hai na watakaozaliwa: leo asubuhi mimi, Verlyn Haugen, fundi bomba wa mji huu, nimetupa rasmi mfuko wa mwisho wa chakula kikavu cha mbwa. Enzi ya nyama mbichi imeanza. Mashahidi: mbwa mmoja, paka mmoja. Paka alikuwa amelala.

Sababu ni pikapu. Gus, mbwa wangu, ana miaka kumi na miwili, na tangu theluji iyeyuke hajaruka kupanda nyuma ya pikapu hata mara moja. Anaweka miguu ya mbele, anafikiri, anaishusha. Tarehe 27 msimu wa kuwinda bata unafunguliwa. Siku hiyo hatujawahi kuikosa, yeye na mimi. Sitaki kujifunza kwenda peke yangu.

Jirani yangu Arlo Skogen anamlisha mbwa wake, Blitz, nyama mbichi tu. Blitz anaruka uzio. Anaruka toroli. Juzi aliniruka mimi. Arlo akasema, bwana Verlyn, mbwa ni mbwa mwitu aliyeharibiwa na kochi, mpe mifupa uone. LaVonne, mke wangu, akauliza kama nimekumbuka kwamba Blitz ana miaka miwili. Nikamwambia hayo ni mambo madogo.

Jumatatu, 8 Septemba

Shingo za kuku. Gus alinusa, akanitazama kama mgeni aliyeandaliwa soksi mezani. Akachukua moja kwa ncha za meno, kwa adabu, akatoka nayo nje. Nikafurahi. Silika ya mwituni hiyo! Silika ya mwituni ikaizika kwenye maua ya LaVonne. Ya pili pia. Ya tatu niliipata jioni, ndani ya buti langu la kuwindia. Niliipata kwa vidole vya mguu.

Hulda, paka, ambaye hakualikwa, alizimaliza zilizobaki, kisha akazirudisha zote kwenye zulia. LaVonne ametangaza kwamba nyama mbichi haitakanyaga tena jikoni mwake. Ubao wake wa kukatia mboga ameuficha. Nimeuliza wapi. Amecheka tu.

Jumatano, 10 Septemba

Nimeshauriana na Arlo. Kosa la wanaoanza, akasema. Yanatakiwa matumbo ya ng'ombe yasiyooshwa, majani yakiwa bado ndani. Hakuna mbwa Minnesota nzima anayeyakataa. Duane wa buchani aliniuliza mara mbili kama nina hakika, kisha akaniomba nitokee mlango wa nyuma.

Nikayasaga na maini na moyo kwenye banda la gari. Harufu! Mimi nimetambaa chini ya nyumba za watu na kuzibua yasiyotajika, lakini leo nilitoka nje kupumua. Arlo akapaza sauti kutoka kwake: nani amekufa huko? Na yeye ndiye aliyenishauri!

Lakini Gus alikula. Alilamba bakuli, akalisukuma mpaka ukutani, akalamba ukuta. Nikawa na kitu jichoni.

Yaliyobaki nimeyagandisha kwenye ndoo za aiskrimu, kama kila mtu wa hapa anavyoweka kila kitu. Tunazo ndoo za misumari, za supu, na moja ya taa za Krismasi. LaVonne akasema andika juu, Verlyn. Nikamwambia nitakumbuka.

Ijumaa, 12 Septemba

Jaribio. Gus akaweka miguu ya mbele kwenye pikapu. Akafikiri. Arlo, uzioni, akasema mwache mzee, anasali. Gus akashusha miguu.

Hulda akaruka ndani, kwa wepesi kabisa. Ana miaka kumi na minne.

Jumapili, 14 Septemba



Leo shule ya Jumapili imefunguliwa, na siku hiyo kanisa zima hula pai ya tufaha na aiskrimu kwenye ukumbi wa chini. LaVonne ndiye mkuu wa aiskrimu. Friza ya kanisa ilijaa, kwa hiyo ndoo mbili za vanila zilikuwa kwenye friza yetu. Kazi yangu ilikuwa kuzibeba tu. Nikazibeba asubuhi na mapema, nikaziweka karibu na oveni ya pai zilainike.

Wimbo wa pili, harufu ikapanda ngazi. Wimbo wa tatu, mchungaji akakatiza sala. Bi Ardis Tveit, ambaye ni mzee kuliko kanisa lenyewe na hasikii vizuri, akauliza kwa sauti ya kanisa zima: nani amefungua chemba ya choo?

Watu wote wakanigeukia. Vyoo vile nilivitengeneza mimi.

Nikasimama. Nikasema mabomba yangu hayavuji. Nikashuka na wazee wa kanisa, nikapiga magoti, nikafungua bomba la sinki mbele yao. Safi! Nikawa naeleza jinsi kazi ya fundi halisi inavyojitetea yenyewe, pale LaVonne, kijiko cha kuchotea mkononi, alipofungua ndoo: chakula cha Gus.

Kwetu watu hawapigi kelele. Wakasema hiyo ni aiskrimu ya aina yake, wakaenda kula pai kavu kwenye maegesho ya magari. Bi Ardis akanipapasa bega: basi si mabomba, mwanangu, afadhali. Daktari wa wanyama, Kjersti, akaniuliza taratibu Gus anatembeaje siku hizi. Akasema nimlete.

Jumanne, 16 Septemba

Ni nyonga. Uzee. Kjersti ametoa vidonge, amesema Gus apungue uzito na arudi kwenye chakula cha mfuko, na kwamba nyama mbichi haiponyi nyonga ila inaweza kuwafanya watu wa nyumbani waugue. Alisema kwa sauti ile ya kuzungumza na wafiwa. Nikamuuliza, ataruka? Akasema, mnaweza kumtengenezea daraja la mbao la kupandia.

Daraja! Kwa Gus! Arlo ataona.

Jumamosi, 27 Septemba

Mkahawani leo nimewatangazia wote kwamba Gus ameruka kwenye pikapu kama chura. Arlo naye alikuwepo. Raha!

Ilivyokuwa hasa ni hivi. Alfajiri nilifungua pikapu. Gus akaweka miguu ya mbele. Akafikiri. Safari hii hakuishusha. Aligeuza kichwa akanitazama, akangoja, kama anayengoja mwanafunzi mzito aelewe. Nikaelewa. Nikapitisha mkono chini ya tumbo lake, nikanyanyua. Mgongo wangu ukalia kama mlango. Akanilamba sikio, akajilaza mahali pake.

Hatukupata bata. Mmoja alipita karibu nikamkosa, na Gus akatazama pembeni kwa heshima. Tulikaa kwenye matete, tumelowa sote wawili. Sikumbuki siku nzuri kuliko hiyo.

Tulipokuwa tunarudi nilipita kwa Duane. Nimesoma mahali kwamba miguu mibichi ya bata inalainisha nyonga kabisa, na Kjersti hakuitaja, kwa hiyo hakuikataza. Nimeisaga. Ndoo tupu ilikuwa moja tu, nimeiweka kwenye friza, kando ya ndoo ya supu ambayo LaVonne atapeleka msibani Jumatatu.

Sikuandika juu. Safari hii nitakumbuka.