Bawaba Iliyotolewa Sadaka

Sogeeni karibu, enyi wake kwa waume, mliokaa na mliosimama, na mwenye kukohoa akohoe sasa amalize, kwa maana habari ninayoifungulia kinywa si ya kusikilizwa huku mtu akichambua mchele. Wako waliosimulia wafalme na majeshi yao, nami nawaachia wafalme na majeshi. Mimi nasimulia mlango. Nasimulia mlango wa chumba cha mashuka katika nyumba ya masista ya kutunzia wazee, na bawaba zake zilizokauka, na shujaa aliyevuka mipaka ya nchi, akamwacha mama, akaacha na kitanda chenye godoro nene, ili aje kushindana nazo. Ewe ulimi wangu, usinitupe. Nawe kicheko, hebu ngoja kwanza.

Shujaa huyo alikuwa kijana wa kujitolea, aliyetumwa na parokia ya kwao ng'ambo aje kuwahudumia wazee mwaka mzima. Wazee walimwita Bwana Tafakari, kwa kuwa hakuna jambo lililompita bila kulitafakari, tena kwa sauti. Akikunja foronya, alitafakari. Akimwaga uji, alitafakari kwa kirefu zaidi. Kisha kila tafakari aliirekodi kwenye simu na kuwatumia waumini wa kwao, wapate kutokwa na machozi kidogo kabla ya chakula cha jioni. Kazi yake ilikuwa mashuka: kuyaanua, kuyakunja, kuyapanga rafuni na kuyagawa vyumbani mchana. Ni kazi nyepesi, naye aliifanya kwa uso wa mtu anayepelekwa kunyongwa.

Ikawa, ilipowadia Jumatano ya Majivu, kila mmoja katika nyumba ile alichagua lake la kujinyima. Mpishi aliacha sukari. Sista Mkuu aliacha kahawa, na kufikia saa nne asubuhi nyumba nzima ilikuwa imeshajua kwamba Sista Mkuu ameacha kahawa. Lakini Bwana Tafakari, Mwana wa Majivu, Simba wa Foronya, aliviona hivyo kuwa vijisadaka vya watu wa kawaida. Sukari alikwisha kuiacha mwaka uliotangulia, na hakuna aliyemuuliza. Alitaka msalaba wenye mbao za kutosha, tena unaoonekana kwa mbali.

Basi akausukuma mlango wa chumba cha mashuka, kikapu kiunoni, na mlango ukalia. Ulilia kama mbuzi anayeburutwa kwa pembe, ukanyamaza kidogo katikati, ukalia tena wakati wa kufunga. Shujaa akasimama, moyo ukamruka. Msalaba ulikuwa umejileta wenyewe.

Wakati huohuo fundi wa nyumba ile alikuwa akija na kopo lake la grisi, maana alikwisha kuusikia. Bwana Tafakari akanyoosha mkono kama anayezuia farasi wa vita.

"Simama hapo, ewe mtu wa nyundo!" akanena. "Usiitie bawaba hii hata tone moja mpaka Pasaka! Kelele hii nimeitoa sadaka. Kila mlango huu uliapo nitainamisha kichwa na kupokea mateso yangu kimya, nisinung'unike."

Fundi alilitazama kopo lake, akamtazama na yule kijana. Hakuwa mtu wa kugombana na nadhiri za watu.

"Haya bwana," akasema, akafunika kopo. "Nadhiri ni nadhiri."

Akaenda zake, akawaambia wengine, nao kwa heshima zao wakakubali kwamba mlango ule usiguswe, kwa sababu mgeni ana jambo lake na Mungu. Hivyo ndivyo ilivyoanza Kwaresima ya Bawaba.

Sasa sikieni upande wa pili wa ukuta. Chumba kilichopakana na kile cha mashuka kilikuwa cha Bibi Mkunga, mwanamke aliyezalisha nusu ya watu wa mtaa ule, na sasa alikuwa amelala chali, mwembamba, akingojea zamu yake. Maumivu yalimnyima usingizi, isipokuwa kipindi kimoja tu, mchana, baada ya dawa. Akiupata usingizi ule, jioni huwa macho na mwenye maneno. Akiukosa, basi jioni mwili humshinda, akalala kama gogo. Na jioni ndiyo saa aliyokuja binti yake, mshona nguo, baada ya kufunga duka. Daktari alikuwa amemwita binti huyo pembeni na kumwambia asihesabu miezi.

Na ni saa ngapi Simba wa Foronya alikuwa akigawa mashuka? Mchana, baada ya dawa. Aliingia na kutoka, akaingia na kutoka, kwa kuwa alibeba mashuka machache kila safari ili apate kuteseka mara nyingi. Mlango ulilia, naye akainamisha kichwa kwa utamu. Upande wa pili Bibi Mkunga alifumbua macho.

"Maisha yangu yote nimeamshwa na watoto wa watu," alimwambia muuguzi, "na sasa naamshwa na mbao." Lakini alipoambiwa kuwa ni nadhiri, akaomba pamba ya kuziba masikio. "Mtoto wa watu katoka mbali. Mwacheni na Mungu wake."

Pamba haikufua dafu. Siku baada ya siku binti alifika, akamkuta mama kalala mdomo wazi, akakaa, akamnyoosha shuka, akaondoka. Bibi alipozinduka usiku aliuliza, "Alikuja?" Akajibiwa kwamba alikuja. Naye akageukia ukutani.

Je, shujaa wetu aliona hayo? Hakuona. Alikuwa ameshughulika na mateso. Alisogeza simu kwenye bawaba, akaurekodi ule mlio, akautuma kwao na maneno haya: "Sikieni, wapendwa, sauti ya jangwa langu." Wapendwa wakajibu kwamba wameguswa sana. Mmoja tu aliuliza kwa nini asitie mafuta, na Bwana Tafakari akamwombea huyo, kwa sababu ya uchanga wa imani yake.

Ndipo likafika Juma Kuu. Jumatatu ile binti alikuja mapema, mkoba begani, akamkuta shujaa mlangoni na kikapu chake.

"Kaka, samahani. Huu mlango mtautengeneza lini?"

"Dada yangu," akajibu yule Mwana wa Majivu, akivuta pumzi kama mtu anayepanda mimbari, "mlango huu hautengenezwi, mlango huu unavumiliwa! Tangu Jumatano ya Majivu nimeubeba ukali wake, wala sijafungua kinywa kulalamika. Wengine hufunga chakula, mimi nimefunga utulivu wa masikio yangu. Zimebaki siku chache, nami nitafika Pasaka sijashindwa!"

Binti alimsikiliza mpaka mwisho, maana alilelewa vizuri.

"Umemaliza? Sasa nisikilize na mimi. Mama yangu halali kwa sababu ya huo mlango. Halali mchana, basi nikija jioni namkuta kalala. Kwaresima nzima sijaongea na mama yangu. Wewe ndiye uliyeweka nadhiri, lakini anayefunga ni yeye."

Shujaa akageuka na kikapu chake. Akatazama ukuta, akajua kwamba nyuma yake kuna kitanda. Alikuwa amepeleka mashuka kwenye kitanda hicho kila siku.

"Lakini," akasema kwa sauti ndogo, "si zimebaki siku chache tu? Hadi Jumapili."

Enyi msikilizao, hata mimi msimulizi niliona aibu hapo.

"Kaka," binti akasema, "unajuaje kama mama ana Jumapili?"

Akatia mkono mkobani, akatoa chupa ndogo ya mafuta ya cherehani yenye mdomo mrefu. "Fundi kakataa kuugusa, anaogopa nadhiri yako. Na mimi sitaki dhambi. Mwenye nadhiri ni wewe, itengue mwenyewe."

Naam, vita vikaanza. Bwana Tafakari akapanda kigoda, na kigoda kikayumba, naye akakumbatia mlango kama mchumba. Akaishambulia bawaba ya juu kwa tone la kwanza, nayo ikalitema, likamdondokea kwenye paji la uso, pale pale padre alipompaka majivu. Hakurudi nyuma! Akamimina tena, akaujaribu mlango, ukalia. Akashuka, akaivamia ya kati, akausukuma, ukalia bado, kwa hasira zaidi. Ikabaki ya chini, ngome ya mwisho, na hiyo haifikiki ila kwa kupiga magoti. Akapiga magoti. Tangu Kwaresima ianze hakuwahi kupiga magoti mahali pasipo na watu wengi, na sakafu ilikuwa na vumbi na buibui mmoja. Akatia mafuta, akangoja yazame, akausukuma kwa kidole. Mlango ukafunguka. Ukafungwa. Hapakusikika lolote, isipokuwa pumzi za shujaa na, upande wa pili, mkoromo mdogo wa bibi aliyechoka.

Kesho yake mchana akagawa mashuka. Mkono uliposukuma mlango, kichwa kiliinama chenyewe kwa mazoea, kikakuta hakuna mateso ya kupokea. Akatoa simu atafakari, akaisogeza kwenye bawaba, akasubiri, akairudisha mfukoni.

Jioni binti alipofika alimkuta mama ameegemea mito, macho yote mawili yako kazini.

"Nani kakushonea hilo gauni?" mama akauliza kabla ya salamu. "Pindo limeenda kombo."

"Nimeshona mwenyewe, mama."

"Ndiyo maana nauliza."

Binti akacheka huku analia, akaketi kitandani, na maneno ya Kwaresima nzima yakaanza kutoka. Waliongea ya duka, ya majirani, ya marehemu baba na uvivu wake. Katikati ya mazungumzo Bwana Tafakari akapita na kikapu, akapunguza mwendo mlangoni, akakohoa kidogo, kama mtu asiyetarajia shukrani ila yuko tayari kuipokea. Kisha akaenda.

"Nani huyo?" Bibi Mkunga akauliza.

"Si yule kijana wa mlango."

"Kumbe bado yupo? Mchana sikumsikia kabisa, nikajua wamemrudisha kwao." Akamvuta binti mkono. "Haya, endelea. Jirani akasemaje?"

Basi na ichorwe katika mawe, na wajukuu waimbiwe, na kengele zote zilizonyamazishwa kwa Juma Kuu zikirudi zipigwe kwa ajili ya habari hii: kwamba katika mwaka ule, katika nyumba ile, Bwana Tafakari, Mwana wa Majivu, Simba wa Foronya, Mshindi wa Bawaba Zote, alipita mchana kutwa na mashuka yake, wala hakuna aliyejua kwamba amepita.