Ombi la Kuachiwa Ugonjwa Kidogo

Esteri Ndayikunda,
Nyakitonto,
Kasulu.

Kwa Daktari Gharibu,
Chumba cha mwisho kushoto, ukipita dirisha la dawa.

YAH: MOYO WA MUME WANGU ANANIA NDUWAYEZU USITENGENEZWE WOTE

Mheshimiwa Daktari,

Shikamoo. Najua kwa umri wewe ndiye ungepaswa kuniamkia mimi, lakini moyo wa mume wangu uko mikononi mwako, kwa hiyo nakuamkia tu yaishe.

Mimi ni mke wa yule mwenye mashine ya kusaga mihogo, aliyeletwa kwako mwezi Machi kwa pikipiki, kabanwa katikati ya dereva na mimi, unga umemjaa mpaka kwenye nyusi kwa sababu alianguka juu ya gunia. Utamkumbuka. Ndiye aliyekuuliza kama hamwezi kumbadilishia mkanda tu akarudi kazini. Wewe ulimweleza kwa upole, kwa Kiswahili chenu cha Tanga, kwamba moyo wake unapiga ovyo, mara unakimbia, mara unaruka. Ukasema mwezi ujao aende hospitali ya moyo Dar es Salaam, wampitishie waya mwembamba kwenye mshipa wa paja hadi moyoni, wakichome hicho kipande kinachouvuruga. Mpaka siku hiyo, ukaagiza, asipandishe hasira, asibebe gunia, asiguse pombe.

Daktari, malalamiko yangu ni kwamba ameyafuata maagizo yote. Hatukulitegemea hilo. Naomba usome sababu zangu, halafu uwaandikie wenzako wa Dar kabla hawajauwasha huo waya.

1. Sauti. Kwa miaka thelathini na nne Anania ameongea na mimi kana kwamba mashine inanguruma katikati yetu, hata Jumapili ambapo imezimwa. Chumvi ikipungua kwenye mboga yangu, hata kijiji cha jirani, Kagerankanda, walikuwa wanapata habari. Sasa anaomba chumvi kwa sauti ya chini, na anasema tafadhali. Mara ya kwanza nilipoisikia hiyo tafadhali niligeuka nyuma kuangalia ni mgeni gani ameingia.

2. Jiko. Kwetu mwanamume hakai jikoni. Baba mkwe wangu, Mungu amrehemu, tangu tulipotoka Burundi mpaka tunamzika hapa hakuwahi kujua mafiga yangu ni mangapi. Lakini huyu mwanawe, kwa kuwa umemkataza magunia na sasa mashine inaendeshwa na mpwa wake Moses, hana pa kwenda. Kwa hiyo anakaa kwenye kigoda changu anachambua maharage. Anayachambua vibaya, mawe anayaacha, wiki iliyopita nimevunja jino. Ila anaongea. Nimegundua juzi tu kwamba mume wangu anaogopa bata. Tumezaa watoto sita na nilikuwa sijui.

3. Firigisi. Hapa naomba usome polepole. Unajua kwamba kuku akichinjwa, firigisi ni ya baba mwenye nyumba. Haijadiliwi. Mimi nimepika firigisi tangu nilipoolewa, nimeipasua, nimeiosha, nimeitoa ile ngozi ya njano, nimeiweka juu kabisa kwenye bakuli ili ionekane, na ladha yake nilikuwa naijua kwa kusimuliwa. Jumapili ya Pasaka Anania aliitazama, akaichukua, akaiweka kwenye sahani yangu. Akasema umri huu na mimi nastahili kujua. Nililia, Daktari, na nikaila huku nalia. Kusema kweli ni ngumu kidogo, nilitegemea zaidi. Lakini umenielewa.

3 (b). Hii niliisahau, ilipaswa kuwa namba moja. Siku hizi anaitikia salamu yangu ya asubuhi mpaka mwisho, na kupiga makofi yake yote, kama tulivyofundishwa na wazee wetu. Zamani aliitikia nusu na hiyo nusu ilikuwa ni kukohoa.

4. Ntirampeba. Huyu ni kaka yake wa tumbo moja. Walinuniana miaka kumi na mmoja kwa sababu ya mpaka wa shamba la migomba, kila mmoja akisema mwenzake alihamisha mkonge uliopandwa mpakani. Baada ya kusikia habari za waya, Anania alisema hawezi kwenda kulala kwenye meza ya watu Dar es Salaam huku ana kinyongo, akamfuata kwake. Walikumbatiana mpaka mbwa wakabweka. Kisha akakiri kuwa mkonge ni kweli aliuhamisha yeye. Tumepoteza hatua nne za shamba na tumempata shemeji, na shemeji huyo sasa anakula kwetu kila siku. Silalamiki. Nakueleza tu ukubwa wa uharibifu mtakaoufanya mkimponya.

5. Wenzangu. Habari zimefika kwaya. Sisi akina mama tulikaa baada ya mazoezi na kwa pamoja tumeona ni uchoyo ugonjwa mzuri namna hii kubaki kwa mtu mmoja. Tunauliza kwa heshima kama ipo sindano ya kuuvuruga moyo kiasi, isiyoua, ya miezi mitatu hivi, wapewe waume saba ambao majina yao tutayaleta kwa siri. Nadine ameomba wa kwake, Venanti, aandikiwe dozi ya watu wawili. Na kama sindano hakuna, basi uwaite tu, uwawekee zile nyaya kifuani, uitazame karatasi inayotoka kwenye mashine yako, na utikise kichwa. Usiseme neno. Kichwa peke yake kinatosha.

6. Ufundi. Usiniambie mambo haya hayawezekani, kwa sababu nimeolewa na fundi. Mashine yetu ya kusaga Anania hajawahi kuikaza yote. Nati moja ya upande wa kulia anaiacha imelegea kidogo, anasema mashine iliyokazwa kila mahali inapata kiburi, siku moja inapasuka. Basi na yeye mfanyieni hivyo hivyo. Hicho kipande kinachouvuruga moyo mkichome nusu, nusu muiache. Ikiwezekana muiache ile nusu inayohusika na chumvi.

Naona nimemaliza. Kama ombi langu lina kosa la kitaalamu utanisamehe, mimi niliishia darasa la saba. Lakini sina kosa katika kumjua Anania. Akirudi mzima atakuwa Anania yule yule, atadai kigoda ni cha wanawake, na ile firigisi moja ndiyo itakuwa ya kwanza na ya mwisho.

Barua hii ataileta mwenyewe Alhamisi atakapokuja kliniki. Nimeifunga kwa ugali mbichi na miwani yake nimeificha, kwa hiyo usiwe na wasiwasi.

Nisalimie manesi wote, hasa Rabia aliyetupa chai siku ile na asituulize chochote. Nisalimie mlinzi wa getini, yule mama wa maandazi, na Dionis wa maabara, mwambie ile damu aliyomtoa Anania inazungumzwa mpaka leo. Mke wako pia, kama unaye. Kama huna, kwaya ina mabinti wazuri.

Ni mimi ninayelala usingizi mnono tangu mwezi Machi,

Esteri Ndayikunda.

Nyongeza: Bahasha nimeifungua tena. Leo mchana tulikuwa jikoni, anachambua maharage, mimi napuliza moto, akanyamaza katikati ya hadithi ya bata. Nilipogeuka ungo ulikuwa chini na yeye ameegemea ukuta, mkono kifuani, macho hayanioni. Yoo, Mana yanje, Mungu wangu! Nilimwekea sikio kifuani. Uliruka, ukaruka tena, halafu sikusikia kitu. Nilichukua ndoo nzima ya maji nikammwagia. Akavuta pumzi, akaniangalia, akanipigia kelele kwamba nimelowanisha maharage na kwamba mimi ni mwanamke wa namna gani. Walimsikia mpaka mashineni. Daktari, sijawahi kusikia kitu kitamu kama kile.

Hapo juu niliandika kwamba nalala. Nilikudanganya. Silali, nalaza mkono wangu kifuani kwake nasikiliza mpaka jogoo anawika. Kwa hiyo namba 1 mpaka 6 uzifute, na 3 (b) pia. Hicho kipande kichomeni chote, msibakize hata punje. Hatungoji Alhamisi, tunakuja kesho asubuhi. Jogoo mwekundu nimeshamtenga kwa ajili ya siku atakayorudi kutoka Dar, na firigisi ni yake.