Mguu Wangu Ulivyoingia Bila Hodi

Leo nimeaibika, tena nikiwa na suti.

Mnanijua. Niliondoka kijijini kwetu Daudi na begi moja, nikarudi na diploma ya utalii kutoka Arusha (niliwahi kuwaeleza, lakini si vibaya kurudia). Mzee Gwandu, baba yake Paskalina, aliniambia atajibu posa yangu akishanijua vizuri. Nikaona bora anijue nikiwa kazini. Nikakodi Noah na dereva wake, Bura, nikampeleka mzee kutembelea maeneo ya ibada na ya kale.

Asubuhi nilitamba. Kwenye kanisa la zamani la misheni nilieleza madirisha, nikaeleza na kengele. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. (Ni katekista mstaafu. Kengele ile ameipiga ujana wake wote. Nimekumbuka jioni.)

Mchana tukafika Maretadu kutafuta makaburi ya wazee wa kale. Mteremkoni nikaona mahali tambarare, pameota nyasi. Nikasimama juu yake, nikanyoosha mkono kama mhubiri.

"Baba, hapa ndipo wahenga walipoombea mvua."

"Na moshi huo?"

Kweli, kando ya kiatu changu palikuwa panafuka.

"Ni mvuke wa ardhini, Baba. Mlima Hanang ni volkano."

"Mbona unanukia makande?" akauliza Bura, ameegemea gari.

Nikamwambia ashughulike na usukani wake. Kisha nikakanyaga kwa nguvu, mzee aone uimara wa mwamba.

Mguu wa kulia ukazama mpaka pajani.

Wenzangu wa Mbulu mmeshaelewa. Nilikuwa juu ya tembe, ile nyumba ya kizamani iliyochimbiwa mteremkoni, paa lake la udongo likalingana na ardhi. (Nimezaliwa kwenye nyumba kama hiyo. Msiulize.)

Sauti ya bibi ikatoka chini. "Nani huyo?"

"Bibi, nisaidie, nimekwama!"

"Huko mjini ndivyo mnavyosalimia?"

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Na hodi?"

"Hodi, bibi."

"Karibu. Mtoto wa nani wewe?"

Nikamtaja baba, kwa sauti ndogo.

"Ahaa. Mbona yeye huwa anapita mlangoni?"

Nikageuka kumtazama Mzee Gwandu. Alikuwa ameketi kwenye nyasi, kofia usoni, mabega yakitikisika. Nilidhani analia.

Bura akanivuta. Kiatu kikabaki kwa bibi, kando ya chungu.

"Bosi, turudi, au kuna volkano nyingine?"

Mzee akakataa kuondoka. "Paa la mama wa watu haliachwi wazi." Basi nikavua koti, nikakunja suruali, nikakanyaga udongo na samadi ya ng'ombe mpaka jua likainama, mzee mwenyewe akinipokeza fito. Bibi akatupakulia makande. (Mvuke ule ni mtamu, sikatai.)

Njiani nikajikaza. "Baba, na ile posa?"

Akafungua dirisha, akatazama mawingu.

"Nitajibu baada ya mvua ya kwanza. Nitapita kwa yule bibi kuuliza kama paa linavuja."

Ndugu zangu, msicheke. Niombeeni mvua ianze na manyunyu.