Posa ya Laptop

Ratemo alikuwa na laptop moja tu, na tayari alikuwa ameiuza mara tano. Nakuru aliiuza, Kisumu akaiuza mara mbili, Fort Ternan akamuuzia mwenye shamba la miwa, na Kericho mjini akamuuzia daktari wa meno. Kila mara mteja aliiona ikiwaka, akalipa, akaondoka na sanduku lililofungwa kwa utepe, ndani yake tofali moja lililovishwa blanketi la mtoto. Laptop yenyewe ilibaki kwa Ratemo. Wengine wana ng'ombe wa maziwa. Yeye alikuwa na hiyo.

Oktoba 1996, bonasi ya majani chai ilipotoka, alikuwa Bomet mjini, ndani ya duka la vifaa vya ofisi, akijifanya anachagua kalamu. Mama mmoja mwenye gambuti aliuliza bei ya laptop.

"Laki mbili," mwenye duka akasema.

"Na ya mwisho?"

"Hiyo ndiyo ya mwisho, mama."

"Basi hujui kuuza." Mama akatoka.

Ratemo akaiacha kalamu na kumfuata. Mama huyo alikuwa Tecla Chepchirchir, mwenyekiti wa kikundi cha wanawake wachuma chai wa Merigi. Wanawake thelathini walikuwa wamekata bonasi zao, wakafikisha elfu themanini za kuinunulia shule ya wasichana kompyuta. Shule haikuwa na stima, kwa hiyo lazima iwe ya betri, ya kuchajiwa mjini. Mwaka mzima wa migongo kuuma ulikuwa kwenye kitambaa alichokifunga kifuani.

"Mama, ofisini kwangu kuna mpya, na punguzo la mwisho wa mwezi," Ratemo akasema. "Laki moja na ishirini, kwa sababu ni wewe."

"Kwani unanijua?"

"Mtu mwema anajulikana hata kwa kutembea."

Ofisi yenyewe ilikuwa chumba cha kupanga nyuma ya hoteli. Ratemo akaiwasha laptop, Tecla akasema "Wee!" na mkono ukaanza kuelekea kifuani. Hapo Ratemo angepaswa kufunga mdomo. Lakini mdomo wake ulikuwa haujawahi kufungwa, hata akilala.

"Hii, mama, si kitu ya kupatia kila mtu. Nimeilea kama binti yangu. Siwezi kuiachilia iende boma sijui."

Mkono wa Tecla ukarudi chini. "Umesema binti?"

"Kabisa. Mimi ndiye baba yake."

"Basi ni vizuri umesema. Maneno ya binti haiwezi kumalizwa na mwanamke mmoja akiwa amesimama. Nitakuja na wazee."

Mjanja mwenye akili angehama mji usiku huohuo. Kwao Nyamira pia watu huozesha, na ng'ombe wa mahari hujadiliwa mpaka jogoo awike. Lakini Ratemo alikuwa ameona jinsi kile kitambaa cha kifuani kilivyovimba, akabaki.

Jumanne walifika watu sita, wakiongozwa na Mzee Kipkirui, aliyekuwa ameposea nusu ya vijana wa Merigi na hakuwahi kukubali bei ya kwanza. Wakaketi. Wakazungumzia mvua ya mawe. Wakazungumzia ndama wa jirani. Saa saba mzee akakohoa.

"Tumesikia hapa kuna maua. Tumekuja kuangalia tu." Kisha akatazama mlango wa hoteli. Wote wakautazama.

Ratemo akaelewa: wageni wa posa hulishwa na wazazi wa binti. Akaagiza chai na chapati kumi na nane. Walipomaliza wakainuka.

"Na bei?" Ratemo akauliza.

Mzee akamtazama kwa huruma. "Siku ya kwanza hakuna bei, kijana. Hata kwenu Nyamira mnaharakisha hivi?"

Mara ya pili walikuja tisa, wakala kilo tano za nyama. Siku hiyo mzee alianza kuuliza.

"Amezaliwa mwaka gani?"

"Tisini na tano, mzee."

"Na hii ni tisini na sita. Mwaka mzima hakuna mtu amemtaka?"

"Wengi sana!" Ratemo akajigamba. "Watu wa Nakuru, watu wa Kisumu, wote wameishika na mikono yao!"

Mama mmoja akaweka chini kipande chake cha nyama.

"Wameishika," mzee akarudia polepole. "Na wewe ulituambia ni mpya. Toa elfu thelathini."

Kuna mkwaruzo kwenye kifuniko: toa kumi. Hana begi, yaani anaolewa bila nguo: toa tano. Mara ya tatu walikuja kumi na tano, wakamaliza mbuzi mzima, na bei ikashuka hadi elfu sitini. Chakula kilikuwa kimemla Ratemo elfu kumi na moja, lakini alijipa moyo: elfu sitini kwa tofali bado ni biashara.

Mara ya nne walikuja wanawake wote thelathini, kwaya, kibuyu cha maziwa ya mgando ya mursik na chifu mstaafu.

"Binti aulizwe kama amekubali," mzee akasema.

Ratemo akabonyeza kitufe. Laptop ikalia ting! na kuwaka. Vigelegele vikapasua mabati. Tecla akaivisha sinendet, ule mmea wa kutambaa unaovishwa watu siku ya furaha, akaipakata.

Ratemo akaliburuta sanduku lake haraka. "Sasa nimfunge hapa ndani, mama. Barabara iko na vumbi."

Tecla akaikumbatia laptop. "Kwetu mwenye kutoka nyumbani kwa sanduku ni maiti. Binti anatoka akionekana."

"Na akishakubali mbele ya watu harudi ndani," mzee akaongeza.

"Lakini vumbi..."

"Vumbi ni yetu sasa."

Chifu mstaafu akainama. "Kwani hiyo sanduku iko na nini?"

Ratemo akalikalia. "Iko tupu, mzee."

Kisha akadai, kwa sauti ndogo, elfu sitini zake. Mzee Kipkirui akahesabu noti kumi za elfu moja.

"Hii ni ya kufungua mlango. Kuna pia ndama jike, akizaliwa. Ingine tutaleta polepole."

"Polepole mpaka lini?"

"Mkwe, mahari ikiisha siku moja, undugu pia umeisha. Hutaki kutuona tena?"

Ratemo akawatazama wanawake thelathini. Akamtazama chifu. Angemwita nani, polisi? Alikuwa amekalia tofali.

Mzee akampa mursik abariki, kwani hiyo ni kazi ya baba. Ratemo akanywa funda moja, akaweka mkono juu ya kifuniko chenye mkwaruzo. Tusimsingizie: aliipenda ile laptop. Mara tano ilikuwa imerudi naye nyumbani.

"Uende salama," akasema. Machozi yakamtoka, ya kweli, ya kwanza tangu aanze kazi hii. Kwaya ikainamisha vichwa kwa heshima.

Tecla akafungua kile kitambaa cha kifuani, akatoa pesa zilizobaki, akazitia mfukoni mwake, akampa kitambaa kitupu apanguse macho.

"Lia tu, baba," akamwambia. "Mzazi asiyelia siku kama hii ni yule ameuza mtoto."